Manowari ya Bomba Tatu na Kikosi Kilichokosa Kina cha Maji

Watu wa pwani waliiita "manowari na bomba tatu". Kuhesabu bomba za moshi ilikuwa njia ya haraka ya kuitambua meli iliyo mbali baharini, na SMS Königsberg ya Wajerumani ilipoingia Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914, bomba zake tatu zilionekana na kila aliyekuwa ufukweni. Jina likabaki hata baada ya meli yenyewe kuzama kwenye tope la Rufiji.

Habari za Königsberg zimesimuliwa sana. Leo nataka tuwatazame waliokuwa nje ya mto, yaani kikosi cha manowari za Kiingereza kilichoizingira kuanzia 30 Oktoba 1914 hadi 11 Julai 1915. Ni zaidi ya miezi minane kwa meli moja isiyoweza kukimbia. Wengi hudhani Waingereza walikosa nguvu. Si kweli. Mwanzoni mwa Novemba 1914 walikuwa na Chatham, Dartmouth na Weymouth mbele ya mto, kila moja na mizinga 8 ya inchi 6, jumla 24. Walioimaliza Königsberg mwishoni walikuwa na mizinga 4 tu ya inchi 6. Walichokikosa muda wote ni meli inayoelea kwenye maji haba, na jicho la kuona ng'ambo ya mikoko.

Vita vilipokaribia, bahari hii ilikuwa chini ya Kikosi cha Cape, chenye makao yake Simonstown, Afrika Kusini, na kamanda wake alikuwa Admirali Herbert King-Hall. Alikuwa na meli tatu, zote kuukuu. Hyacinth ilishushwa majini 1898, Astraea 1893, Pegasus 1897. Kwenye karatasi zilikuwa na mwendo wa noti 20 hivi, yaani maili 20 za bahari kwa saa, lakini injini na bwela za umri huo hazitoi tena mwendo wa karatasi. Königsberg ilikuwa na noti 24. Tarehe 31 Julai 1914, kamanda wake, Fregattenkapitän Max Looff, alipoitoa bandarini, meli hizo tatu zilikuwa nje zikimvizia. Mvua kubwa ikashuka, yeye akaongeza mvuke akawaacha. Tofauti ya noti nne si kitu kwa mtu aliyekaa nchi kavu, ila baharini maana yake ni kwamba kila saa inayopita umeachwa nyuma maili nne zaidi.

Kasi hiyo inakula makaa, na hapo ndipo mambo ya Looff yalipoanza kuharibika. Maghala yake yalichukua tani 880 hivi kwa wingi kabisa. Tarehe 6 Agosti aliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester karibu na pwani ya Omani, akachota makaa yake kwenye visiwa vya Khuriya Muriya. Yalikuwa makaa ya India, yenye majivu mengi na moto hafifu. Ukiyatia kwenye bwela zilizojengewa makaa mazuri, masizi yanaganda kwenye mirija ya moshi, joto halipenyi kwenda kwenye maji, mvuke unapungua, na wachochezi wanatoa majivu kutwa kucha. Waingereza nao walinunua akiba ya makaa katika bandari za Wareno huku kusini, ili asipate hata gunia. Aliokolewa na meli ya Somali ya shirika la Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyokutana naye Ras Hafun.

Kurudi Dar es Salaam hakukuwezekana. Tarehe 8 Agosti Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo, na Wajerumani wenyewe, wakihofia bandari kuingiliwa, walizamisha chelezo chao kwenye mlango wake. Kwa kuwazuia Waingereza walimfungia nje na mwenzao. Ndiyo maana tarehe 3 Septemba Königsberg ikaingia Rufiji.

Hapa watu wengi huuliza: manowari yenye kuzama majini mita 5.29 iliingiaje delta ile ya mafungu ya mchanga, wakati Chatham, ambayo haikuzama zaidi yake, ilishindwa? Jibu ni bildi, yaani kupima kina cha maji. Meli ya upimaji ya Kijerumani, Möwe, ilikuwa imeipima delta kabla ya vita, mlango kwa mlango. Looff alikuwa na ramani hiyo. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli ya ukubwa ule ingeweza kupita. Ongezea bamvua, ambapo maji ya sehemu hii hupanda zaidi ya mita 3, na mlango ambao wakati wa maji kupwa unaona tope tupu unakuwa njia ya manowari kwa saa chache. Anayejua njia iko upande gani wa fungu anapita. Asiyejua anakwama, maji yanamkimbia, na anabaki shabaha ya kila mwenye mzinga ufukweni.

Kabla ya kuzingirwa Looff alitoka mara moja tu. Alfajiri ya 20 Septemba, kama saa 11 na dakika 10, aliikuta Pegasus imetia nanga Unguja, injini zake zikiwa kwenye matengenezo. Kamanda wake, John Ingles, alikuwa na mizinga 8 ya inchi 4. Königsberg ilikuwa na 10 ya milimita 105, na kwa kipimo cha tundu ni karibu sawa. Lakini mizinga ya Wajerumani ilitupa mbali zaidi. Makombora ya Pegasus yalianguka majini kabla ya kufika, huku ya Königsberg yakitua sitahani. Meli isiyo na mvuke haiwezi kusogea ili ikaribie au ikimbie, kwa hiyo Ingles hakuwa na la kufanya. Mabaharia wake 38 walikufa, na makaburi ya baadhi yao yapo kisiwani Chapwani hadi leo. Mimi huona kosa lilikuwa kuiacha meli peke yake bila mvuke katika bandari iliyo wazi, bila kujua adui yuko wapi. Ingles alipigana na alichokuwa nacho.

Ushindi huo uligharimu. Wakati wa kurudi, sehemu ya injini inayounganisha fito la pistoni na mkono wa kuzungusha, ile inayoteleza juu na chini kwenye reli zake, ilivunjika. Injini mbili, moja mbovu. Sehemu iliyoharibika ilibidi iburutwe kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, ikatengenezwe, kisha irudishwe. Kazi hiyo ilifanywa kwa mabega na kamba za wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote.

Kapteni Sidney Drury-Lowe wa Chatham ndiye aliyeipata. Tarehe 19 Oktoba watu wake waliipekua meli ya Präsident huko Lindi wakakuta karatasi zinazoonyesha makaa yamepelekwa kwa tishari mahali panapoitwa Salale. Kwenye ramani zao Salale haikuwepo. Wakaulizia, wakaelekezwa Rufiji. Tarehe 30 Oktoba walioshushwa ufukweni waliona milingoti miwili juu ya mikoko, ya Königsberg na ya Somali. Dartmouth na Weymouth zikaitwa.

Tarehe 7 Novemba makombora ya Chatham yaliiwasha moto Somali. Königsberg yenyewe ilirudi nyuma zaidi mtoni, na toka hapo mizinga 24 ikawa mapambo. Delta ya Rufiji si mto mmoja. Ina milango kadhaa, na kati ya mlango na mlango kuna visiwa vya mikoko mirefu, ile ile iliyotoa boriti za kujengea nyumba Uarabuni. Ukiwa baharini unaona ukuta wa kijani tu. Unaweza kupiga, ila huoni kombora limetua wapi, na kombora usiloliona huwezi kulisahihisha. Zaidi ya hayo, Wajerumani walishusha baadhi ya mizinga midogo na bunduki za rashasha, wakaziweka kwenye midomo ya mto chini ya Werner Schönfeld, ofisa mstaafu wa jeshi la majini aliyeitwa tena kazini. Watu wake walijificha kwenye mahandaki ndani ya mikoko na kuunganishwa kwa simu za waya. Boti yoyote ndogo iliyojaribu kuingia ilipokewa kwa risasi pande zote mbili.

Tarehe 10 Novemba Waingereza walizamisha meli ya makaa, Newbridge, kwenye mlango wa Suninga. Kazi ya kijasiri, lakini iliziba tundu moja la chujio. Kikunja na Simba Uranga zilibaki wazi. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa kupunguza milango ya kulinda, kwa sababu manowari zilihitajika kwingine na kila moja ilipaswa kuondoka zamu kwenda kutia makaa.

Baadaye ikaletwa Goliath, meli kubwa ya vita yenye mizinga ya inchi 12. Meli inayozama majini karibu mita 8, kuipeleka Rufiji! Ilibaki mbali na pwani kiasi kwamba hata mizinga hiyo haikufika. Ukubwa wa mzinga na kina cha maji huenda pamoja, na ofisi zilizoko mbali zilichelewa kulielewa hilo.

Jicho la juu lilianza na mtu mmoja, Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban na ndege aina ya Curtiss, ile ambayo kiwiliwili chake ni mashua. Walimpa cheo cha jeshi wakamleta Niororo, kisiwa kidogo karibu na Mafia. Rejeta ya injini ikavuja. Vipuri hakuna, basi wakatafuta rejeta ya gari la Ford Mombasa, ikaletwa kwa manowari ya Fox na kufungwa kwenye ndege. Ikaruka. Tarehe 22 Novemba Cutler aliiona Königsberg na kuthibitisha mahali ilipo. Tarehe 10 Desemba injini ilimwangusha mtoni, akatekwa. Boti la kuvuta, Helmuth, likaingia chini ya risasi na kuitoa ndege.

Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith zenye maboya ya kutulia majini, chini ya Luteni John Cull. Hazikufaa. Joto na unyevu wa pwani vililegeza gundi, na rafadha za mbao zikaachana tabaka. Hata zilipotengenezwa, hazikuweza kuinuka na mzigo wa maana. Sababu ni rahisi: hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo bawa hupata kidogo cha kuegemea, rafadha hupata kidogo cha kusukuma, na injini hupata hewa pungufu ya kuchoma mafuta. Hasara tatu kwa mkupuo. Injini iliyotosha Uingereza haikutosha hapa. Ndege za Short zilizofuata zilikuwa afadhali kidogo, na tarehe 25 Aprili Cull aliweza kuipiga picha Königsberg, lakini zilipanda futi mia chache tu, mahali ambapo hata bunduki ya mkononi inafika.

Suluhisho lilikuwa kuachana na maji. Mafia ilikuwa imetekwa Januari 1915. Uwanja ukasafishwa huko, na tarehe 18 Juni zikafika ndege za magurudumu, Caudron na Henri Farman. Zisizobeba maboya ni nyepesi, basi zinapanda juu zaidi. Ubaya wake ni mmoja: injini ikizima juu ya mlango bahari wa Mafia, huna pa kutua.

Upimaji wa mto nao ulifanywa kwa siri na mwindaji wa Afrika Kusini, Pieter Pretorius, akisaidiwa na watu wanaoijua delta. Alipima kina na kufuatilia kujaa na kupwa kwa maji, mpaka ikajulikana mlango wa Kikunja unapitika na meli ya aina gani. Möwe ilikuwa imeifanya kazi hiyo hiyo kwa meli nzima ya upimaji, mchana kweupe.

Meli zenyewe zilikuwa Severn na Mersey. Zilijengwa na kampuni ya Vickers huko Barrow, Uingereza, kwa ajili ya mito ya Brazil. Vita vilipokaribia Uingereza ikazinunua. Urefu mita 81, upana mita 15, na kuzama majini mita 1.7 hivi. Ni sahani yenye mizinga. Kila moja ilikuwa na mzinga mmoja wa inchi 6 omo (mbele) na mwingine tezi (nyuma), pamoja na mizinga miwili mifupi ya kurusha juu ya inchi 4.7. Chombo kipana chenye chini bapa hakina raha baharini: hakikati mawimbi, kinayapanda na kuyaangukia, na upepo unakisukuma ubavu. Kwa hiyo zilivutwa kwa tagi kutoka Malta mwishoni mwa Aprili, zikapita Suez na Bahari ya Shamu, zikafika Mafia mwanzoni mwa Juni. Makamanda walikuwa Kapteni Eric Fullerton wa Severn na Kamanda Robert Wilson wa Mersey.

Mafia walifanya kazi ya mwezi mzima. Mabati mazito ya chuma yaliongezwa sitahani, mifuko ya mchanga ikazungushiwa mizinga na mahali pa usukani, na sehemu tupu za ndani zikajazwa madebe matupu ya mafuta ya taa yaliyofungwa, ili meli ikitobolewa maji yasipate nafasi yote. Hilo la madebe nalipenda sana. Meli ya pauni maelfu ikilindwa na kitu ambacho kila duka la pwani lilikuwa nacho.

Tarehe 6 Julai waliingia Kikunja alfajiri, wakati manowari nyingine zikipiga midomo ya mto. Kama saa 12:30 asubuhi walikuwa wametia nanga omo na tezi. Nanga mbili ni za lazima: mkondo ukiigeuza meli hata kidogo, mzinga unaolenga kitu usichokiona, kilometa kama 10 mbele, unapoteza shabaha. Lakini nanga mbili pia zinakufanya usisogee haraka. Königsberg ikajibu kwa mikupuo ya makombora matano, maana kwa ubavu mmoja ilitumia mizinga mitano kati ya kumi, na upigaji wake ulikuwa sahihi ajabu. Mersey ilipigwa, mzinga wa omo ukanyamaza, watu 6 wakapoteza maisha, ikakata nanga na kurudi nyuma. Kisha Severn ikamgundua mpimaji wa shabaha wa Kijerumani, aliyetazama makombora yanatua wapi, juu ya mti, ikampiga, na toka hapo makombora ya Königsberg yakaanza kupotea. Aliyekuwa kipofu sasa ni mwingine.

Walipiga makombora 635 hadi alasiri, na yaliyotua kwenye meli yalikuwa machache. Ukitaka kujua kwa nini, angalia mambo mawili. Kwanza, makombora mengi yalizama kwenye tope laini la mikoko bila kulipuka vizuri, na aliye juu hakuona moshi. Pili, na hili ndilo kubwa, meli zote mbili zilipiga wakati mmoja. Mpimaji kwenye ndege anatuma kwa simu ya upepo "fupi" au "kushoto", lakini kombora hilo ni la nani? Severn inasahihisha kosa la Mersey, na Mersey inaharibu shabaha iliyokuwa sawa.

Tarehe 11 Julai walirudi na kanuni moja mpya: apige mmoja tu. Mersey ilitangulia kuvuta moto wa adui, Severn ikapita, ikasogea karibu zaidi, ikatia nanga makombora yakianguka pembeni yake. Saa 6:30 mchana ilifyatua. Juu alikuwa Cull akiendesha Farman, na Sub-Luteni Arnold akipima. Kombora moja, jibu moja, sahihisho moja. Mkupuo wa nane ukatua kwenye meli. Muda mfupi baadaye ndege ilipigwa na vipande vya kombora, injini ikafa. Wakiwa wanashuka kwa kuelea tu, Arnold aliendelea kutuma masahihisho, akiirudisha shabaha katikati ya Königsberg, mpaka walipogusa maji karibu na Mersey. Arnold alirushwa nje. Cull alikuwa amefungwa kwenye kiti, ndege ikapinduka naye, akajinasua chini ya maji. Shabaha ilikuwa imeshapatikana, kwa hiyo Severn haikuhitaji jicho tena. Karibu saa 7 mchana mlipuko mkubwa ulionekana juu ya miti.

Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru vichwa vya topido vitumike kuipasua meli chini, na vifungo vya nyuma ya mizinga vitupwe mtoni. Königsberg ilikaa kwenye tope, sitaha ikiwa karibu na uso wa maji, na hilo likawa bahati kwa Wajerumani. Wapiga mbizi waliviokota vifungo, mizinga yote 10 ikang'olewa, ikavutwa Dar es Salaam, karakana ya reli ikaiundia magurudumu. Mmoja ulisafirishwa hadi Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli ambayo leo ni MV Liemba. Mingine ilivutwa na mamia ya wapagazi kwenye kampeni za Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la nchi kavu. Waingereza nao walikuwa wameopoa mizinga ya Pegasus huko Unguja na kuitia magurudumu, na bunduki hizo za majini zikakutana tena bara, mbali na maji ya chumvi.

Mwaka 1924 haki ya kuokota vyuma vya Königsberg ilinunuliwa kwa pauni 200. Mnunuzi alikuwa Ingles, aliyekuwa kamanda wa Pegasus. Na ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaukuta mzinga wa Königsberg na wa Pegasus, vyote katika ngome moja. Tazama midomo yake: tofauti ya upana huioni kwa macho.